Nyangumi hakumfuata sili, aliwafuata wauaji

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kilwa, baba yangu ni mvuvi. Juzi nimeona picha kwenye simu: nyangumi mkubwa amelala chali, juu ya kifua chake yuko sili, na kando nyangumi wauaji wanamtaka. Maneno yaliyoandikwa chini yanasema nyangumi alimwonea sili huruma. Nilipomwonyesha baba, akasema hashangai, nyangumi ana utu, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini sili si mwanawe! Je, ni kweli nyangumi huokoa wanyama wengine? Na kwa nini? Tena baba anauliza: mwaka jana wakati wa kusi nyangumi mwenye mtoto alipiga maji kwa mkia karibu na mashua yao. Alikuwa anawatisha?

Jibu: Marahaba mwanangu, na mzee msalimie sana. Nianze na hiyo picha, maana vitu vya simu hutufikia vikiwa vimekatwa kichwa na mkia.

Kisa chenyewe ni cha Januari 2009, kusini kabisa mwa dunia, kwenye barafu za Antaktika. Wataalamu wawili, Robert Pitman na John Durban, walikuwa wakifuatilia kundi la nyangumi wauaji wenye ujuzi wa pekee. Wakimwona sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya na mapezi, amejilaza juu ya pande la barafu linaloelea, hujipanga mstari mmoja, huliendea kwa kasi, na wimbi wanalolizusha humkumba sili na kumwangusha majini. Siku ile sili aliangushwa hivyo hivyo. Akaogelea kuwaelekea nyangumi wawili wa nundu waliokuwa karibu. Mmoja wao akajigeuza chali, na sili akajikuta juu ya kifua chake, katikati ya mapezi mawili makubwa. Wauaji waliposogea, nyangumi akakiinua kifua, sili akawa nje ya maji kabisa. Maji yaliyokuwa yakiteremka kifuani yakaanza kumkokota sili arudi baharini, na nyangumi akamsukuma kwa pezi, polepole, akamrejesha katikati. Baada ya kitambo kidogo sili akachupa, akaogelea hadi barafu nyingine, akapona.

Hapo pa pezi ndipo watu wote wanaposhikwa, na mimi nilishikwa. Ukiona mkono unamrudisha mtoto kifuani, ni vigumu kufikiria kitu kingine isipokuwa mama. Kwa hiyo siwacheki walioandika neno huruma. Ila tukio moja ni tukio moja, na Pitman mwenyewe alilijua hilo. Akaanza kuwauliza wenzake, manahodha wa vyombo vya watalii, wapiga picha, yeyote aliyewahi kuona nyangumi wa nundu na nyangumi wauaji mahali pamoja. Alichapisha matokeo na wenzake mwaka 2017: visa 115 vya kati ya mwaka 1951 na 2012, vilivyosimuliwa na watu 54.

Kabla sijakwambia visa hivyo vilisema nini, tuwajue wahusika. Nyangumi muuaji kwa ukoo ni pomboo, mkubwa kuliko pomboo wote, na dume lililokomaa hufika tani 6 au zaidi. Ana meno, ana akili, anawinda kwa kundi. Nyangumi wa nundu ni huyu huyu mnayemwona Kilwa wakati wa kusi: urefu mita 13 hadi 15, uzito kama tani 30, wala hana hata jino moja. Chakula chake ni uduvi na visamaki. Silaha yake ni mkia na mapezi. Pezi moja hufika karibu theluthi ya mwili, yaani mita 4 au 5, na ukingoni mwake mara nyingi hunata vile viumbe vya magamba makali, ndugu wa vile vinavyong'ang'ania tumbo la chombo kilichokaa majini muda mrefu. Baba yako amewahi kuvikwangua kwenye mashua, anajua vinavyochana mkono. Sasa fikiria rungu la mita 5 lenye magamba hayo, likizungushwa na mnyama wa tani 30.

Muuaji kwa kawaida hamgusi mtu mzima wa aina hii. Anachotaka ni ndama. Kwenye miamba ya Ningaloo, Australia Magharibi, watafiti wamewaona wakiwaua ndama wa nundu tena na tena, wale waliozaliwa majuzi tu. Ukitazama mikia ya nyangumi wa nundu duniani kote utaona baadhi yao wana mistari sambamba kama iliyochorwa kwa reki. Ni alama za meno. Wengi wanazipata wangali ndama, nao ndio waliobahatika kuponyoka. Kwa hiyo uadui upo, na ni wa tangu utotoni.

Sasa turudi kwenye visa 115. Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba pale ilipojulikana nani alianza, zaidi ya nusu ya mara aliyemwendea mwenzake ni nyangumi wa nundu. Yaani hakuvamiwa, alikwenda mwenyewe. Na mara nyingi alikuta wauaji wako kazini, wanashambulia au wanakula. Jambo la pili ndilo linalohusu swali lako. Pale ambapo windo lilitambulika, ni karibu mara 1 tu kati ya 10 lilikuwa nyangumi wa nundu. Mara nyingine zote lilikuwa mnyama mwingine: sili wa aina mbalimbali, simba-bahari, pomboo, nyangumi wa aina nyingine. Na mara moja lilikuwa samaki, lile samaki kubwa bapa la bahari kuu.

Mimi huyo samaki ndiye aliyenifungua macho. Sili ana macho makubwa na manyoya, ukimtazama moyo unalainika. Lakini samaki? Nani anamwonea samaki huruma baharini, ambako yeye mwenyewe nyangumi anakula samaki?

Hapo ndipo inabidi ujiulize nyangumi anajuaje kwamba kuna shambulio. Maji ya bahari yanaweza kuwa na kiza, na wakati mwingine shambulio liko mbali, macho hayafiki. Anachokitegemea ni masikio. Na nyangumi wauaji wanaokula wanyama wana tabia ambayo imechunguzwa vizuri: wakiwa wanatafuta windo hunyamaza kimya, kwa sababu sili na pomboo wana masikio makali. Shambulio likianza, na hasa windo likishauawa, ndipo wanapopaza sauti. Maana yake, nyangumi wa nundu aliye mbali hasikii "sili anakufa". Anasikia "wauaji wanakula". Nani analiwa, hajui mpaka afike.

Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya jibu lako imo humo. Nyangumi wa nundu hakumfuata sili, aliwafuata wauaji. Anakwenda kuvuruga uwindaji, kwa sababu uwindaji wa namna ile siku moja ulikuwa wake yeye, au utakuwa wa mwanawe. Akifika akakuta ni ndama wa nduguye, amefanya kazi yake. Akikuta ni sili, kwa kuwa ameshafika, anavuruga vile vile, na sili anaokoka kwa baraka za ugomvi usiomhusu.

Hebu toka nje utazame juu. Umewahi kumwona mlamba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda, akimfukuza mwewe? Mwewe hajamgusa, pengine anapita zake tu, lakini mlamba anamrukia mgongoni, anamdonoa, anamsindikiza hadi mbali. Kuku wa bibi na vifaranga vyake wanapona siku hiyo, wala mlamba hakuwa na habari na kuku. Au waulize waliokaa Serengeti kuhusu nyati. Nyati hawasubiri wawindwe. Wakimkuta simba amelala kichakani wanaweza kumwendea kwa kundi, wakamkimbiza, na wakipata watoto wake huwaua. Tunapoona hayo kwa nyati hatusemi anampigania swala, ingawa swala naye anafaidika. Kwa nyangumi tunasema, nadhani, kwa sababu ya lile pezi.

Utaniuliza, mbona anajisumbua? Safari ya kuogelea hadi huko ina gharama, na chakula anakiacha. Ni kweli. Mei 2012, kwenye ghuba ya Monterey huko California, wauaji walimvamia nyangumi wa kijivu aliyekuwa na ndama. Nyangumi wa nundu wakaja. Ndama akafa, mama yake akaondoka, lakini wale wa nundu hawakuondoka. Walizidi kufika, wakapita 10, wakakaa pale zaidi ya saa 6 wakipiga mikia, wakitoa sauti kama tarumbeta, wakiwazuia wauaji wasiule mzoga kwa raha. Uduvi ulikuwa tele hapo jirani na hawakwenda kula. Ndama alikuwa wa aina nyingine, tena amekwisha kufa. Ukiniambia hiyo ni huruma, nitakuuliza ni huruma kwa nani saa ya 5 na ya 6. Mimi naona hasira. Au tuseme chuki, kama neno hilo linamfaa mnyama.

Gharama ipo, lakini kwa mnyama mzima mwenye afya hatari si kubwa. Na faida inaweza kuwa kubwa kwa njia mbili. Wauaji wanaobughudhiwa kila wakiwinda eneo fulani wanaweza kuhama. Halafu nyangumi wa nundu hurudi mwaka hadi mwaka kwenye maeneo ambayo mama yake alimpeleka akiwa ndama, kwa hiyo majirani zake wa eneo moja wana uwezekano wa kuwa jamaa zake. Kanuni nyepesi ya "ukisikia wauaji wanawinda, nenda ukavuruge" inatosha kuwaokoa jamaa mara chache, na hizo mara chache zinatosha kulipia mara nyingi alizompigania sili. Haihitaji nyangumi ahesabu chochote.

Usidhani tena kwamba kila nyangumi wa nundu ni shujaa. Watafiti waliwahi kupiga sauti za wauaji wanaokula wanyama kwa spika ya chini ya maji, mbele ya nyangumi wa nundu waliokuwa wakila kaskazini mwa Norwei. Waliacha kula, wakaondoka. Hakuna aliyekuja kupigana. Huenda ni tofauti ya mahali, huenda mnyama aliye peke yake hupima tofauti na aliye na wenzake. Lakini huko huko Norwei, majira ya baridi, nyangumi wa nundu na nyangumi wauaji hula pamoja kundi moja la samaki wadogo ndani ya hori, ubavu kwa ubavu, bila vita. Wauaji hao ni wa ukoo unaokula samaki. Inaonyesha kwamba nyangumi wa nundu hawachukii nyangumi wauaji wote. Wanawabagua kwa kazi yao, na inaelekea wanawatambua kwa sauti.

Kwa hiyo huruma nayo tuitupe? Hapana, sitaki kwenda mbali hivyo. Kanuni niliyoieleza inaeleza kwa nini nyangumi alifika pale. Haielezi kikamilifu kwa nini alimrudisha sili kifuani kwa pezi. Anaweza kuwa alitumia tendo lile lile ambalo mama wa nundu hulitumia kwa ndama wake wanaposhambuliwa: humbeba mgongoni au kichwani, humtoa majini meno yasimfikie. Tendo lilikuwepo tayari, sili akaingia kwenye nafasi ya ndama. Hapo baba yako amesema kweli kuliko alivyokusudia: uchungu wa mwana ndio ulioanzisha yote, hata pale ambapo mwana mwenyewe hayupo.

Kama unatafuta kujitolea hasa, usitazame nundu, mtazame nyangumi wa ambari, yule ambaye ambari yake, ile nta ya manukato, iliuzwa pwani hii tangu enzi za mababu. Majike wao huishi kwa koo, mama, bibi, mashangazi, na watoto. Wanazama mamia ya mita kutafuta ngisi, na ndama hawawezi kufika huko, basi hawazami wote kwa pamoja: huyu akienda, yule anabaki juu na watoto. Wakivamiwa hujipanga duara, vichwa ndani, mikia nje, kama petali za ua, wadogo katikati. Oktoba 1997, kilomita 130 nje ya pwani ya California, Pitman huyo huyo na wenzake walitazama kwa saa kadhaa kundi la 9 likiwa kwenye duara hilo, limezungukwa na wauaji wapatao 35. Wauaji walikuja kwa zamu, wakiuma na kurudi nyuma. Kila walipomkokota mmoja nje ya duara, mwenzake mmoja au wawili waliuacha mstari, wakamfuata huko nje, wakamrudisha ndani, na wao wakaumwa walipokuwa wanafanya hivyo. Mmoja aliuawa wazi mbele ya macho ya watafiti, na waliobaki walikuwa na majeraha mabaya hivi kwamba haikuonekana wengi wangepona. Hao walikuwa wanamrudia mtu wao, anayejulikana, huku wakitoka damu. Kwangu mimi hicho ni kisa kizito kuliko cha sili, lakini hakina picha nzuri, ndiyo maana hakikufika kwenye simu yako.

Aina nyingine hazipigani kabisa. Nyangumi wa buluu, mkubwa kuliko wanyama wote, akisikia wauaji hukimbia. Mwili wake umeundwa mrefu na mwembamba kwa mbio, na mbio ndefu humshinda muuaji. Si mara zote: Machi 2019, karibu na Bremer Bay huko Australia, wauaji walimwangusha nyangumi wa buluu mwenye urefu wa kama mita 20, na zaidi ya 50 wakakusanyika kumla.

Na kuhusu pomboo wanaosukuma watu waliozama hadi ufukweni, najua utaniuliza, nimeshaulizwa sana Kizimkazi. Tunasikia habari za waliosukumwa kuelekea nchi kavu. Waliosukumwa upande wa pili hawakurudi kutusimulia.

Sasa swali la mzee. Nyangumi wa nundu wanaofika kwetu, kuanzia Julai hivi hadi Oktoba au Novemba, wanatoka huko huko kwenye barafu za kusini. Wanakuja kuzaa na kupandana. Mama hali karibu chochote kwa miezi hiyo, ananyonyesha kwa mafuta aliyoyabeba mwilini, na ndama wake anazaliwa akiwa na mita 4 na ushei. Wapo wataalamu wanaosema safari hii yote ndefu ni ya kuwakimbia wauaji, ambao ni wachache zaidi kwenye maji ya joto. Wengine wanasema ni kwa ajili ya joto la ndama, au ngozi ya wazazi kubambuka na kupata mpya. Ubishi haujaisha. Nyangumi wauaji huonekana pwani yetu ya Afrika Mashariki, lakini kwa nadra sana. Hatari kubwa ya ndama huku ni jarife, ule wavu wa kutegea, na hilo mzee analijua kuliko mimi.

Mama mwenye ndama mchanga kwa kawaida hataki makelele. Watafiti waliobandika vinasa sauti kwenye miili ya mama na ndama huko Exmouth, Australia, walikuta wanawasiliana kwa sauti za chini mno, kama mnong'ono, ambazo hazisikiki mbali. Hujificha hivyo wauaji wasiwasikie, pengine na madume pia. Kwa hiyo mama akiamua kupiga mkia kwa kishindo, jambo limeshamuudhi. Inaweza kuwa mashua yenu, hasa ikiwa iliingia kati yake na ndama. Ndiyo, hapo alikuwa anawaambia ondokeni. Inaweza pia kuwa hawakuwa na habari na nyinyi. Majike wenye ndama mara nyingi hufuatwa na dume anayesubiri bahati yake, na dume wa pili akitokea hupigana, mikia na vichwa, maji yanachafuka eneo zima. Chombo kikiwa karibu kinaweza kuumia bila mtu yeyote kukikusudia.

Mkikutana nao tena, msiwazunguke, na msimkate ndama na mama yake. Mashine iachwe huru, au tanga literemshwe, mpaka wapite. Mita 100 ni umbali wa heshima. Na kabla sijasema kwa hakika kilichotokea mwaka jana, nahitaji mzee anikumbushie mambo matatu: ndama alikuwa upande gani wa mashua, mkia ulipigwa mara ngapi, na je, kulikuwa na nyangumi wa tatu nyuma yao?